Kijapani Bila Bando: Kadi za Simu Zinafika Wapi

Kila zinapotangazwa nafasi za masomo au za kazi Japani, swali lilelile huzuka miongoni mwa vijana: je, mtu anaweza kujifunza Kijapani kwa simu yake tu, bila darasa na bila bando la kila siku? Majibu hayapatani. Mmoja ataapa kwamba programu ya kadi za kukariri inatosha, kwamba ukimaliza maneno elfu mbili umemaliza kazi. Mwingine, mara nyingi mwalimu, atajibu kwamba kadi hizo zinazaa kasuku, mtu mwenye maneno elfu kichwani asiyeweza kuomba maji ya kunywa. Wa tatu hajali kadi wala mwalimu. Yeye anasema sikiliza, soma, tazama katuni, lugha itakuja yenyewe. Na wapo waliokwama kabla hata ya kuanza: wameiona programu ikitolewa bure kwenye simu ya rafiki na ikiuzwa zaidi ya dola 20 kwenye simu nyingine, wakaombwa kufungua akaunti, wakaacha wakidhani ni utapeli.

Mkanganyiko huu unatokana na maswali matatu yanayoulizwa kwa pamoja kana kwamba ni moja. Je, kadi zinafanya kazi bila intaneti? Je, zinasaidia kumbukumbu? Je, zinatosha? La kwanza ni la kiufundi na jibu lake ni ndiyo, kwa masharti machache ambayo watu hawaambiwi. La pili limechunguzwa kwa zaidi ya karne moja, na jibu lake pia ni ndiyo. Ubishi wa kweli uko kwenye la tatu.

Mzigo wa Kijapani uko wapi

Kijapani huandikwa kwa hati tatu zinazochanganywa ndani ya sentensi moja. Hiragana ina herufi 46 za msingi, katakana nazo 46, na juu yake kuna kanji, alama zilizotoka China. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina alama 2,136. Mtoto wa Japani, ambaye tayari anaijua lugha kwa mdomo, hufundishwa 1,026 kati ya hizo katika miaka sita ya shule ya msingi.

Idadi pekee haielezi ugumu wote. Kanji moja huwa na matamshi kadhaa kutegemea neno ililomo. Alama 生 husomwa *sei* katika *gakusei*, mwanafunzi; *jō* katika *tanjōbi*, siku ya kuzaliwa; *i* katika *ikiru*, kuishi; *u* katika *umareru*, kuzaliwa; na *nama* inapomaanisha kitu kibichi. Hakuna kanuni itakayomwambia mgeni ipi ni ipi. Lazima akumbuke.

Kwa upande wa sauti, msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza havimwambii. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Tofauti ya *obasan*, shangazi, na *obāsan*, bibi, huwatesa Wazungu wengi, lakini mtu aliyekua akitenganisha *kata* na *kataa* huisikia mara moja. Hata ile *n* ya Kijapani inayosimama kama silabi kamili haimshangazi anayetamka *nchi* kila siku. Panapomponza ni kwenye kupanda na kushuka kwa sauti. Kiswahili kimetuzoesha kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, bila kufikiri, ilhali katika Kijapani sanifu *hashi* yaweza kuwa vijiti vya kulia au daraja kutegemea sauti inashukia wapi.

Kwa hiyo mzigo mkubwa wa Kijapani kwetu uko machoni na katika kumbukumbu kuliko mdomoni. Ndiyo maana kadi zinavutia.

Kadi zilivyofika kwenye simu

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha polepole, na kwamba marudio yaliyotenganishwa kwa siku hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner aliligeuza wazo hilo kuwa kisanduku chenye vyumba. Kadi unayoijua husogea chumba cha mbele na kurudiwa baada ya muda mrefu, unayoikosa hurudi nyuma.

Hatua kubwa ilipigwa Poland. Mwaka 1987 Piotr Woźniak alitunga kanuni ya hesabu iitwayo SM-2, ambayo humpangia mtu siku ya kurudia kila kadi peke yake. Katika umbo lake la asili, kadi mpya hurudi baada ya siku 1, kisha 6, halafu muda huzidishwa kwa takriban 2.5: siku 15, siku 38, na kuendelea. Ukikosa, unaanza upya.

Mwaka 2006 Damien Elmes, Mwaustralia aliyekuwa akijifunza Kijapani, alitoa programu ya kompyuta iitwayo Anki, bure na yenye msimbo ulio wazi kwa yeyote kuusoma. Ilianza kwa kufuata mantiki ya SM-2, na tangu mwaka 2023 inampa mtumiaji hiari ya kanuni mpya, FSRS, inayokadiria uwezekano wa wewe kuikumbuka kadi na kuileta kabla haujashuka chini ya kiwango ulichochagua, kwa kawaida asilimia 90.

Hapa ndipo utata wa bei unapofumbuliwa. Toleo la Android, AnkiDroid, lilijengwa na linaendelezwa na watu wa kujitolea, nalo ni bure kabisa. Toleo la iPhone huuzwa kwa takriban dola 25 za Marekani, na mapato yake ndiyo yanayogharimia uendelezaji wa Anki. Hakuna utapeli hapo. Tahadhari inayostahili ni nyingine: katika maduka ya programu zimo bidhaa zenye majina yanayofanana sana na Anki ambazo hazihusiani na mradi huu, na baadhi hutoza ada ya kila mwezi.

Bila intaneti maana yake nini

AnkiDroid huweka kadi zote ndani ya simu, maandishi kwenye hifadhidata moja, picha na sauti kwenye folda yake. Ukishapakua fungu la kadi, hakuna kinachotoka wala kuingia unapojifunza. Fungu la maandishi matupu huwa na MB chache, lenye sauti kwa kila neno linaweza kufika mamia ya MB. Faili hilo moja laweza kupakuliwa mahali penye Wi-Fi kisha likarushwa simu hadi simu kwa Bluetooth au Xender. Hata programu yenyewe, kwa kuwa leseni yake ni huria, inaruhusiwa kugawanywa hivyo, mradi uliyeipokea kwake aliitoa mahali halali.

Akaunti si lazima. Kazi yake ni kuhifadhi nakala kwenye seva ya AnkiWeb na kulinganisha vifaa viwili. Lakini anayeikwepa akaunti anabeba hatari ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Katika Android za miaka ya karibuni, kadi hukaa ndani ya eneo la programu, na ukiifuta programu kadi hufutika nazo. Simu ikiibwa au kuharibika, kumbukumbu za miezi minane ya marudio zimekwenda. Maneno utayapata tena popote, ile historia ya kila kadi hutaipata. Mtu asiye na intaneti anapaswa kutoa faili la akiba walau mara moja kwa wiki na kuliweka kwenye memori kadi au simu ya ndugu. Na mwenye akaunti asilale: akaunti isiyoguswa kwa miezi mingi inaweza kuondolewa kwenye seva.

Yapo mambo mengine mawili madogo yanayoumiza. Kwanza saa ya simu. Ratiba yote inategemea tarehe, na simu ya bei ndogo inayokaa bila mtandao huweza kurudi tarehe ya kiwandani betri ikiisha. Pili umbo la kanji. Kompyuta huzihesabu alama nyingi za Kichina na za Kijapani kuwa herufi moja, na simu isiyo na Kijapani kwenye orodha yake ya lugha mara nyingi huzichora kwa mtindo wa China. Mwanafunzi atajifunza 直 au 骨 kwa umbo ambalo mwalimu wa Tokyo atalisahihisha kwa wino mwekundu. Dawa ni kuongeza Kijapani kwenye mipangilio ya lugha za simu, jambo la dakika moja.

Sauti nayo inawezekana bila bando: sauti ya Kijapani ya huduma ya Google ya kusoma maandishi hupakuliwa mara moja ikatumika daima. Hata hivyo ni sauti ya mashine, na mbele ya alama kama 生 iliyo peke yake hubahatisha. Kamusi iko pia. Takoboto ya Android hufanya kazi bila mtandao, ikitegemea hazina ya JMdict ambayo Jim Breen wa Australia aliianzisha mwaka 1991. Kiswahili hakimo ndani yake, na hilo tutalirudia.

Hoja ya wanaosema kadi kwanza

Nguvu yao kubwa ni kwamba sayansi iko upande wao. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wale waliokisoma kisha wakajipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima wakawa mbele. Kadi ni kujipima mfululizo, na hakuna chombo cha bei rahisi zaidi cha kuifanya kazi hiyo.

Nguvu ya pili ni hesabu inayoeleweka. Mtihani wa kimataifa wa Kijapani, JLPT, ulioanza mwaka 1984, una ngazi tano tangu mwaka 2010, kutoka N5 ya wanaoanza hadi N1. Waandaaji hawatoi tena orodha rasmi ya maneno, lakini vigezo vya mfumo wa zamani bado ni dira nzuri. Ngazi inayokaribiana na N4 ilidai takriban kanji 300, maneno 1,500 na saa 300 za masomo. Kwa kadi 10 mpya kwa siku, maneno 1,500 yanaisha kwa siku 150. Miezi mitano! Matangazo yote ya "jua Kijapani haraka" yamejengwa juu ya hesabu hii.

Tuifuatilie hesabu hiyo hadi mwisho, maana wengi huikatiza hapo. Uzoefu wa watumiaji ni kwamba marudio ya kila siku hutulia kwenye mara saba hadi kumi ya idadi ya kadi mpya. Kadi 10 mpya huleta marudio 70 hadi 100. Kwa sekunde kumi kila moja, na muda kidogo wa kuzifahamu zile mpya, hiyo ni kama dakika 20. Dakika 20 kwa siku 150 ni saa 50. Kipimo cha zamani kilidai saa 300. Kwa maneno mengine, mtu aliyemaliza fungu lake la maneno 1,500 bila kuruka hata siku moja amefanya sehemu moja ya sita ya kazi ya ngazi hiyo. Namba hizi ni za kukadiria, lakini hata ukizisukuma huku na huku picha haibadiliki sana.

Udhaifu mwingine uko kwenye tabia. Programu huja imepangwa kadi 20 mpya kwa siku, na mwanafunzi mwenye hamasa huongeza hadi 40. Baada ya wiki kadhaa marudio ya siku yanaweza kupita 300. Ukitokea msiba, mtihani wa chuo au safari ya siku saba, anarudi kukuta rundo la mamia ya kadi. Wengi huifuta programu siku hiyo, kisha huwaambia wenzao kwamba kadi hazifai. Kadi mpya saba kwa siku kwa mwaka mzima ni maneno zaidi ya 2,500, na ukikosa wiki moja rundo lake linaondoka kwa siku mbili.

Kuna pia kujidanganya. Mwanafunzi hujipa alama mwenyewe, na hakuna anayemsimamia. Huanza kuitambua kadi kwa sura yake, neno refu lenye doa pale kushoto, badala ya kulisoma neno. Likimjia kwenye kibao cha barabarani halijui. Na kadi nyingi ni za upande mmoja, Kijapani mbele na maana nyuma. Zinafundisha kutambua, na kutambua neno ni mbali na kulitoa mdomoni wakati mtu mwingine anasubiri.

Hoja ya mwalimu na kitabu

Walimu wanaozipinga kadi wana hoja nzito zaidi kuliko wanavyojieleza. Hoja yao ya kawaida, kwamba simu inapoteza muda, haina uzito. Iliyo na uzito ni kwamba Kijapani kimejengwa juu ya vitu visivyokaa kwenye kadi. Vijineno *wa* na *ga* hutofautishwa kwa muktadha wa mazungumzo yote. Lugha ya adabu, *keigo*, hutegemea nani anazungumza na nani kuhusu nani, na kitenzi kimoja cha "kula" hubadilika kabisa anayekula akiwa mkubwa wako. Mtu hawezi kujua kwa kadi kwamba amemkosea heshima meneja wake. Anahitaji uso wa mtu.

Kitabu nacho kina mpangilio. *Minna no Nihongo*, kinachotumika katika madarasa ya nchi nyingi, hugawa ngazi ya mwanzo katika masomo 50, kila moja likisimama juu ya lililotangulia. Fungu la kadi lililopangwa kwa wingi wa matumizi halina ngazi hizo, na kama limejengwa juu ya msamiati wa magazeti litampa mwanafunzi neno la "bunge" kabla ya "kijiko".

Tatizo la upande huu ni upatikanaji. Nairobi imekuwa miongoni mwa vituo vya JLPT barani Afrika, na katika miji mikubwa mwalimu anaweza kupatikana. Nje ya miji hiyo, ushauri wa "tafuta darasa" hauna maana yoyote. Lipo jibu la kati. Japan Foundation hutoa bure kozi ya *Irodori*, vitabu na sauti zake zikiwa za kupakua, iliyotungwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kuishi na kufanya kazi Japani. Idhaa ya Kiswahili ya NHK nayo imetoa masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili. Vyote hivyo hupakuliwa siku moja vikasikilizwa mwaka mzima.

Walimu wana hoja moja zaidi ambayo siku hizi imepungua nguvu: kuandika kwa mkono. AnkiDroid ina ubao wa kuandikia kwa kidole juu ya kadi, na mitihani yenyewe, JLPT ikiwamo, ni ya kuchagua majibu. Anayejaza fomu za manispaa huko Japani atahitaji kuandika jina na anwani yake. Kuandika kanji 2,000 kwa kichwa ni starehe ya anayependa.

Hoja ya kusikiliza na kusoma kwa wingi

Kambi hii inasema lugha hupatikana kwa kuipokea kwa wingi katika hali inayoeleweka. Kwa lugha zilizo jirani ni kweli kabisa, kijana wa Goma au wa Kampala huokota lugha sokoni bila kadi. Kwa Kijapani kuna kizingiti. Huwezi kuokota kutoka ukurasa usioweza hata kuutamka. Katuni zenye maandishi ya Kiingereza chini zinafundisha Kiingereza zaidi. Na ndiyo njia inayokula bando kuliko zote, kwa sababu video ya saa moja inaweza kutumia data nyingi kuliko fungu zima la kadi.

Hata hivyo wana jambo ambalo wa kadi hawana. JLPT ya N4 hufaulu kwa alama 90 kati ya 180, lakini kuna kiwango cha chini cha kila sehemu: 38 kati ya 120 kwa lugha na kusoma, 19 kati ya 60 kwa kusikiliza. Mtu wa kadi tupu anaweza kukusanya alama nyingi upande wa kwanza na bado akaanguka kwa sababu masikio yake hayajawahi kukutana na Kijapani kinachosemwa kwa kasi ya watu. Kusikia, tena, si kitu cha intaneti. Faili la sauti la dakika tatu lililosikilizwa mara ishirini ndani ya daladala linafanya kazi ambayo saa tatu za video hazifanyi.

Kwetu, kwa kweli, Kijapani kimeshaingia masikioni kwa mlango wa nyuma. Magari yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam huja na skrini zake, vitufe vyake na sauti ya yule mama anayemkumbusha dereva kila asubuhi kuhusu kadi ya kulipia barabara ambayo haipo. Maelfu wamemsikia kwa miaka na hawajaokota neno. Kusikia bila kuelewa hakufundishi.

Kadi iandikwe kwa lugha gani

Hapa ndipo uchambuzi mwingi unanyamaza, na ndipo msemaji wa Kiswahili hupoteza zaidi. Karibu mafungu yote ya tayari yameandikwa kwa Kiingereza. Faida yake ni dhahiri: yapo, ni bure, yana sauti. Kwa anayekijua Kiingereza vizuri hasara yaonekana ndogo. Siamini kwamba ni ndogo.

Chukua vitenzi. Kijapani kina jozi nyingi kama *akeru* na *aku*, *kowasu* na *kowareru*. Kadi ya Kiingereza huandika neno moja mara mbili, kisha huongeza istilahi ya sarufi kwenye mabano ambayo mwanafunzi huisahau kesho yake. Kwa Kiswahili ni *fungua* na *funguka*, *haribu* na *haribika*. Tofauti imo ndani ya lugha yetu tangu utotoni. Vivyo hivyo viambishi: *taberu* ni kula, *taberareru* ni kuliwa, *tabesaseru* ni kulisha, *tabesaserareru* ni kulishwa. Msomaji wa kadi ya Kiingereza anaona sentensi ndefu, wa Kiswahili anaona mnyambuliko.

Kisha maneno ya kijamii. *Otsukaresama*, inayosemwa mwisho wa siku kazini, hufafanuliwa kwa Kiingereza kwa mstari mzima. Sisi tuna "pole na kazi". *Gomen kudasai* mbele ya mlango wa mtu ni "hodi", basi.

Kiswahili pia kina mitego yake. Mkubwa kuliko wote ni saa. *Shichiji* ni saa saba kwa hesabu ya Wajapani, yaani 7:00, ambayo kwetu ni saa moja. Anayeandika "saa saba" nyuma ya kadi hiyo atachelewa kazini kwa saa sita. Kwa kadi za wakati, tarakimu za kimataifa ni salama zaidi.

Gharama ya kujitengenezea kadi ni muda: dakika moja au mbili kwa kila moja, hivyo maneno 1,500 ni kati ya saa 25 na 50. Ni nyingi. Lakini muda huo ni wa kujifunza, kwa sababu mtu huwa amelisoma neno, amelitafuta, amelichagulia mfano. Njia ya kati inayopendeza ni kuchukua fungu la tayari lenye sauti, kuongeza sehemu ya Kiswahili kwenye kila kadi siku inapotokea mara ya kwanza, na kufuta bila huruma zisizohitajika. Kundi la watu watano wakigawana kazi hiyo, kila mmoja ana maneno 300, na faili linazunguka kati yao bila bando. Kuhusu kanji, hoja ya 生 inatosha: kadi ibebe neno zima, *gakusei* au *tanjōbi*. Kadi yenye alama moja na orodha ya matamshi sita haikaririki.

Mizani

Swali la "kadi au mwalimu" lina kosa ndani yake, kwa sababu vitu hivi havigombanii rasilimali moja. Kadi hazitumii bando, zinatumia dakika 20 za foleni na za kusubiri daladala. Kusikiliza kunahitaji bando mara moja tu. Kinachohitaji intaneti kila mara, au nauli, ni mtu wa kuzungumza naye. Anayetumia MB zake za wiki kwenye programu za michezo ya lugha anazimaliza mahali ambapo angeweza kujitegemea, kisha anakosa za simu ya nusu saa na msemaji wa Kijapani. Kadi zinapowekwa nje ya mtandao, faida yao kubwa ni kwamba zinaachia bando lote liende kwa watu.

Uzito wa kila kitu hubadilika kwa lengo. Fundi au dalali wa magari anayetaka kusoma skrini, vitufe na karatasi ya mnada anaweza kuishi kwa kadi peke yake: maneno mia mbili, kutambua tu, hakuna mazungumzo. Kwake wanaosema kadi zinatosha wako sahihi.

Anayelenga viza ya kazi iitwayo Tokutei Ginō, iliyoanzishwa Aprili 2019, yuko upande mwingine kabisa. Kwa kawaida anatakiwa kuwa na N4 au kufaulu JFT-Basic, mtihani wa kompyuta wenye sehemu za hati na msamiati, mazungumzo, kusikiliza na kusoma, unaohitaji alama 200 kati ya 250. Wa kazi za kutunza wazee huongezewa mtihani wa Kijapani cha kazi hiyo. Kwake kadi ni ile sehemu moja ya sita. Bila hiyo maneno hayatakaa, lakini sehemu tano zilizobaki zinahitaji kitabu, sauti na mtu, na ni heri aanze kumtafuta huyo mtu mwezi wa kwanza kuliko wa sita.

Kuna na kundi la tatu, wanaokwenda kwa ufadhili wa masomo kama wa ABE Initiative, uliotangazwa mwaka 2013, ambao husoma shahada ya uzamili kwa Kiingereza. Hao hushawishiwa kuanza na kanji 2,136 na wengi huishia njiani. Wenye miezi sita mkononi wangefaidika zaidi na hiragana na katakana, ambazo kwa kadi huisha ndani ya wiki tatu, maneno 300 ya dukani, hospitalini na kituo cha treni, na muda wote uliobaki wautumie kusikiliza. Kanji zilizoko kwenye mabango watazikuta hukohuko, na wakati huo simu yao itakuwa na intaneti.